Uso wa Mfalme Haukatwi

Fundi alipenda wafalme. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonitia hasira hadi leo, na kwa sababu kila ninapomkumbuka simwoni ameketi kwenye cherehani yake. Namwona amesimama ukingoni mwa barabara, utepe wa kupimia shingoni na pini mdomoni, anatazama televisheni ya duka la simu lililo ng'ambo ya pili, ambamo mfalme fulani wa nchi fulani anapita na farasi wake. Magari yanampigia honi. Mteja wake amebaki juu ya kreti, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na mwingine bado, anamwita. Fundi haitiki mpaka farasi waishe.

"Ile koti mabega haikukaa," anasema akirudi. "Fundi yake alikuwa na haraka. Mufalme muzima anavaa koti kama ameazima!"

Kisha anaendelea na mguu wa pili.

Umri wake siujui. Watu wake siwajui. Alisema ametoka Uvira, na mtu akitaka zaidi ya hapo aliulizwa kama amekuja kushona au kuandikisha kesi. Kona yetu ilikuwa Marshalltown, katikati ya jiji hili la kusini, mbali na kwetu, mahali ambapo watu wa ofisini hupita wakiwa na vikombe vya kahawa na watu wengine wote hupita wakikimbilia teksi. Mimi nilikuwa na meza ya soksi, vilemba na chaja za simu. Upande wangu wa kushoto alikaa Gogo, bibi wa Kizulu aliyekaanga magwinya, yale maandazi ya hapa makubwa kama ngumi. Upande wa kulia alikuwa Fundi na cherehani yake ya kukanyaga.

Kona ile ndiyo ilikuwa mali yake yote. Hakuwa na duka, wala karatasi za kumwezesha kupanga duka. Wateja wake hawakujua jina lake. Walijua kona. Ukimwondoa pale, umemwondoa mjini. Nataka msomaji alishike hilo, kwa sababu waliokuja kumwondoa walilijua vizuri.

Meza niliyouzia haikuwa yangu tangu mwanzo. Ilikuwa ya mama. Baba alitangulia, mama akafuata, na mimi nikatoka shule nikiwa darasa la kumi kwa sababu nilikuwa wa kwanza, na wadogo zangu wawili, Salim na Zuhura, walikuwa bado wanahitaji mtu wa kuwafungia kamba za viatu. Siku ya kwanza nilikaa nyuma ya soksi za mama nikalia. Fundi hakunipa pole. Alisimamisha cherehani, akaja, akaniondolea kigoda.

"Ukilia, lia umesimama," alisema. "Mutu anayekaa na kulia haonekane juu ya meza. Nani atanunua?"

Nikalia nimesimama. Nikauza soksi. Jioni alinipa mfuko wa plastiki bila kuniangalia. Ndani mlikuwa na suruali mbili za shule na sketi moja, za wadogo zangu, alizozikata kutoka kwenye suruali za watu wazima ambao hawakurudi kuzichukua. Hakuwahi kuwapima. Alikuwa amewaangalia tu wakipita na mama. Tangu siku ile aliniita Mama Mukubwa, ingawa nilikuwa binti wa kidato ambaye hata kupika wali bila kuuunguza nilikuwa sijajua.

"Mama Mukubwa, umekasirika tena."

"Sijakasirika, Fundi."

"Pua yako imepanuka. Njo vile unakasirika."

Nilikuwa nakasirika sana. Nashukuru. Hasira ndiyo iliyonisimamisha mbele ya mwenye nyumba, mbele ya mwalimu aliyetaka kumrudisha Zuhura darasa, mbele ya mjomba aliyepiga simu kutoka Tanga kunishauri tugawanywe, kila mtoto kwa ndugu wake. Hatukugawanywa.

Sasa ile kreti. Ilikuwa kreti nyekundu ya plastiki, ya soda, imegeuzwa chini juu. Mafundi wengine wa mtaa wakipima urefu wa suruali hupiga goti mbele ya mteja. Fundi hapana. Mteja alipanda kwenye kreti, yeye akakaa kwenye kigoda chake, na pindo la suruali likaja lenyewe mbele ya macho yake. Walipanda wote: wanasheria, dereva wa teksi mwenye tumbo, mlinzi wa benki na bastola yake kiunoni. Mama mmoja mwenye viatu virefu alikataa, akasema ataanguka mbele za watu.

"Basi utavaa ndefu," Fundi alimwambia.

Akapanda.

Kanisani kwao, ghorofa ya tatu ya jengo lililokuwa zamani duka la makabati, watu walipiga magoti wakati wa maombi. Fundi alisimama nyuma kabisa, mgongo ukutani. Mchungaji alipouliza, alisema goti linamsumbua. Goti lake halikuwa na kitu. Nilimwona akikimbiza kofia yake iliyochukuliwa na upepo hadi kwenye robot ya pili, yaani taa za barabarani, na alimshinda kijana aliyekuwa akiikimbilia pia. Nikamuuliza mara moja tu. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Akasema kwao kulikuwa na kizuizi barabarani, watu wenye bunduki waliwashusha kwenye lori, wakaambiwa wote wapige magoti kwenye mstari. "Tulipiga bote," alisema. "Hatukusimama bote." Uzi ukapita. Akaanza kushona.

Ndiyo maana sikuelewa mapenzi yake kwa wafalme. Mtu asiyeweza kumwinamia hata Mungu, anawezaje kusimama barabarani kwa ajili ya mtu aliyevaa ngozi ya chui au taji la dhahabu? Nilimwambia hivyo. Sisi wa Tanga tulizoea marais, na rais ukimchoka unasubiri mwingine. Mfalme wa nini?

Alikuwa na jibu moja, na alilirudia kwa miaka. Utotoni alipelekwa kwenye sherehe ya mwami, mfalme wa sehemu za kwao. Watu walishuka kutoka milimani, wengine lugha zao hazikueleweka hata kidogo. Ngoma, nyama, pombe ya ndizi. Mama mmoja asiyemjua alimkalisha mapajani akamlisha, na hakumuuliza ni mtoto wa nani.

"Siku ya mwami hakuna mugeni," alisema. "Bote banakula, bote banacheza. Siku ingine yote watakuuliza umetoka wapi. Ile siku moja, hapana."

Aliamini hivyo kweli. Mtu mzima, aliyeona aliyoyaona, katika mji huu ambao watu huulizwa wametoka wapi kabla hawajafika. Na kichekesho ni kwamba katika miaka yote niliyomjua hakuhudhuria sherehe hata moja. Alizivalisha tu. Timu ya taifa ikicheza alishona bendera ndogo. Sikukuu ya urithi, wakati kila kabila hapa huvaa mavazi yake, alishona mavazi ya makabila asiyoyajua majina. Siku yenyewe alibaki kwenye kona. Alisema fundi hafai sherehe, atakuwa anaangalia mishono ya watu. Sababu ya kweli ilikuwa mabasi. Njiani kunaweza kuwa na ukaguzi, na karatasi zake kila mara zilikuwa zimeisha au zinakaribia kuisha.

Ukafika mwaka wa sherehe ya mfalme. Mfalme wa hapa, wa Wazulu, mpya, wa kutawazwa. Sitamtaja. Hakunikosea, na sidhani anajua kwamba kona yetu ipo.

Kama ungepita Marshalltown wiki zile ungedhani hakuna kitu. Watu wa ofisini hawakuinua macho kutoka kwenye simu zao. Vijana walijadili mpira. Kulikuwa na mtu mmoja tuliyemwita Mwenyekiti, kwa sababu alijiita hivyo: mwenyekiti wa kamati ya mtaa ambayo sijapata kukutana na mtu aliyeipigia kura. Alivaa koti la ngozi hata kwenye jua la Desemba, na alipita kila siku kuchukua magwinya mawili kwa Gogo, ambayo aliyaita mchango. Fundi alimuuliza, kwa Kizulu chake kilichovunjika vipande, kama anakwenda kwenye sherehe.

Mwenyekiti alicheka mpaka akamwaga unga wa sukari kwenye koti.

"Eish, mkhulu," alisema. Mkhulu ni babu. "Mfalme wa nini? Atanipa kazi? Atanilipia kodi? Nenda wewe, kama unampenda."

Aliyempenda alikuwa Gogo. Gogo alikuwa ameweka picha ya babake mfalme chumbani kwake tangu ujana. Alikuwa na nafasi kwenye basi la wanawake wa kanisa lake, na alikuwa na salamu yake tayari: *Bayede*, salamu ambayo hapewi mtu yeyote ila mfalme. Aliifanyia mazoezi juu ya mafuta ya moto, "Bayede! Bayede!" na wapita njia waliruka.

Fundi akaamua kumvalisha. Alimwendea Mkongo mwenzake anayechapisha vitambaa vya kwaya, wakatoa kitenge cha kijani chenye sura ya mfalme ndani ya duara, na shada la shayiri pembeni ambalo sijui lilitoka wapi.

Hapa lazima nieleze jambo, kwa sababu lilikuja kugeuzwa kuwa kosa. Kwetu Tanga na kwao Uvira hakuna kitu cha kawaida kama hicho. Kukiwa na sherehe ya taifa kitambaa huchapwa, sura ya mkubwa huwekwa katikati, wanawake hukivaa, na sura hukaa pale inapokaa. Mkubwa mwenyewe yuko jukwaani anapiga makofi. Hata hapa wakati wa uchaguzi nimeona nyuso za wagombea mahali ambapo mama zao wasingependa kuziona, na hakuna aliyelalamika.

Lakini Fundi hakuiacha sura ikae tu. Aliifikiria. Alitandaza kitenge kwenye meza yangu juu ya soksi, akakizunguka na chaki kama daktari.

"Mbele kuna zipu," alisema. "Kifuani kuna mushono. Mukono ni ndogo. Kila mahali nitapitisha makasi kwenye uso. Uso ya mufalme haikatwe, Mama Mukubwa. Ukaikata, umemuchinja."

"Kwa hiyo?"

"Kuna mahali moja tu kwenye gauni haina mushono, haina zipu, ni pana."

Akaweka mkono kwenye kitambaa. Nikaelewa ni mahali gani. Nikacheka. Yeye hakucheka. Kwake ile ndiyo ilikuwa heshima, heshima ya fundi: nafasi nzima, isiyoguswa na chuma, ambapo uso wa mfalme ungekaa bila mkunjo hata mmoja. Na kwa kiuno cha Gogo, nafasi ilikuwa kubwa.

Gogo alilijaribu siku ya Alhamisi, juu ya nguo zake, katikati ya barabara ya miguu. Akageuza shingo kujiangalia kwenye kioo cha benki.

"Hayi, Fundi!" alipiga kelele. "Umemweka mfalme nyuma yangu?"

"Akulinde," Fundi alisema.

Gogo alicheza pale pale, na mfalme akacheza naye. Wanawake wengine watano wa kanisa lake wakaja kutaka magauni kama yale. Fundi alishona siku mbili bila kula vizuri, na sura zote sita zilikaa sawasawa, hakuna pua iliyopinda.

Siku ya sherehe alisimama mbele ya televisheni ya duka la simu asubuhi nzima. Mvua ilinyesha kidogo. Mwenyekiti alikuwa humo dukani pia. Alimwomba mwenye duka abadilishe chaneli kwa sababu kulikuwa na mechi, na chaneli ikabadilishwa. Fundi alirudi kwenye cherehani akakaa.

"Mufalme amefika?" nilimuuliza.

"Sijui. Banacheza mupira."

Gogo alirudi Jumatatu bila sauti. Alikuwa ameimaliza yote uwanjani. Alisema watu walilipenda gauni, wamempiga picha, wakuu wawili wenye fimbo wamemuuliza fundi wake ni nani. Fundi alimfanya asimulie mara tatu, hasa pale kwenye fimbo.

Mambo yangeishia hapo. Lakini moja ya picha zile ilipigwa Gogo akiwa anacheza, kutoka nyuma. Uso wake hauonekani. Unaonekana uso wa mfalme. Picha ikaanza kutembea kwenye simu za watu, na mtu mmoja mahali fulani akaandika kwamba wageni sasa wanamkalia mfalme wetu. Siku nne baadaye kila mtu mjini alikuwa anampenda mfalme. Vijana wa mpira walimpenda. Wauza sigara walimpenda. Watu ambao wiki moja kabla hawakujua sherehe ni Jumamosi au Jumapili walikuwa hawalali kwa uchungu.

Walikuja saa sita mchana, Mwenyekiti mbele na simu yake imewashwa inapiga video. Walikuwa wengi kiasi cha kujaza kona na kumwagika barabarani. Aliionyesha picha kwa Fundi.

"Wewe ndiye uliyeshona hii?"

Fundi aliiangalia vizuri, akaikuza kwa vidole.

"Ni mimi," alisema. Nadhani kwa sekunde moja alifikiri amekuja mteja.

Sitaandika waliyoyasema. Yanajulikana, huimbwa kila mwaka, na siyapi nafasi kwenye karatasi yangu. Neno lenye maana lilikuwa moja. Mwenyekiti alitaka Fundi apige magoti pale kwenye saruji, mbele ya simu, amwombe mfalme msamaha. Akifanya hivyo ataendelea na kona yake. Asipofanya, aondoke leo.

Gogo aliacha mafuta motoni. Alipita kati ya wanaume wale akiwasukuma kwa mabega.

"Ni mimi huyo!" alisema kwa Kizulu. "Hayo ni makalio yangu! Mimi nilivaa, mimi nilicheza, nilikuwa pale kwenye mvua. Wewe ulikuwa wapi?"

Watu wengine walicheka. Mwenyekiti hakumwangalia.

"Gogo, rudi, magwinya yanaungua," alisema. "Usichanganye mambo."

Kwa maana hiyo haikuwa habari ya makalio, wala ya mfalme. Nilikuwa nimekumbatia cherehani kwa mikono miwili. Watu wa ofisini walikuwa wamesimama ng'ambo na kahawa zao. Mlinzi wa benki, yule aliyepanda kwenye kreti, alifunga mlango wa kioo na kutuangalia kwa ndani kama samaki. Mchungaji wa Fundi alifika akihema, akamshika mkono. "Baba, piga tu," alimnong'oneza. "Mungu anajua moyo."

Fundi alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kola yake. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo kabla ya jioni.

"Mumulete," alisema.

"Nani?"

"Mufalme. Mumulete hapa. Akifika, nitapiga magoti, mbele yake, njo yeye tu." Kisha akamwangalia Mwenyekiti kuanzia viatu hadi kola, kama anayempima. "Weye, hapana. Weye ulibadilisha chaneli."

Nilitaka kushangilia. Nilitaka pia kumziba mdomo.

Kreti ndiyo iliyovunjwa kwanza. Kisha wakaivuta cherehani na mimi nikiwa juu yake, ikaanguka ubavu, gurudumu likapasuka. Kitenge kilikuwa bado kimebaki, mikunjo kadhaa chini ya meza. Wakakitoa. Mmoja wao akachukua mkasi wa Fundi, ule mkubwa mweusi ambao hakuwahi kumwazima mtu, wakaanza kukikata. Waliukata uso wa mfalme katikati ya macho. Waliukata mdomo. Walikata sura baada ya sura, wakitupa vipande chini na kuvikanyaga, huku wakiimba jina lake. Watu waliokuja kuutetea uso ule ndio pekee, katika habari hii yote, walioupitishia mkasi. Hakuna aliyeona ajabu. Simu ilikuwa inapiga video.

Walipochoka waliondoka. Fundi aliokota vipande vyote. Aliviokota akiwa amechuchumaa, magoti juu.

Alihama siku ile. Mimi nilibeba cherehani kwangu kwa toroli la mtu wa mizigo. Kesho yake niliisogeza meza yangu nusu nafasi kulia, nikaweka kigoda cha Fundi mwisho wake, na soksi juu ya kigoda. Walikuja watu kutaka ile nafasi: muuza miwani, kinyozi, binamu wa Mwenyekiti aliyekuwa na friji ya barafu. Nikawaambia ina mtu. Mwenyekiti alikuja mwenyewe.

"Dada, huyo mkhulu harudi."

"Ina mtu," nilisema.

"Unataka shida?"

"Nina wadogo wawili niliowalea hapa hapa," nilimwambia. "Shida nimeshaiuzia soksi."

Akachukua magwinya yake kwa Gogo, akaenda zake. Gogo tangu siku ile alimpa yale ya jana.

Nafasi ile niliishika karibu mwaka mzima. Sikuishika kwa upole. Salim alisema najitafutia kupigwa kwa ajili ya mtu ambaye si ndugu yetu, nikamuuliza suruali yake ya kwanza ya shule ilishonwa na ndugu gani. Gurudumu la cherehani nilitengenezewa na Mmalawi wa vyuma. Kisha nikaenda mtaa wa Bertrams, nyuma ya uwanja wa mpira, ambako nilisikia Fundi amepanga chumba uani.

Nilimkuta anashona kwa mkono, mbele ya ukuta. Alikuwa amekonda. Simu ndogo ilikuwa imeegemezwa kwenye kikombe, na humo ndani ya simu, sikuamini, kulikuwa na sherehe. Mfalme mwingine, nchi nyingine, farasi wale wale.

"Bado?" nilisema. Hata salamu sikutoa. "Bado unawaangalia?"

"Karibu, Mama Mukubwa. Pua imepanuka."

"Walikufukuza kwa jina la mfalme, Fundi."

"Mufalme hakuwa pale," alisema. "Njo vile niliwaambia." Akageuza simu kifudifudi, akauliza, bila kuniangalia, kama jua bado linapiga kona saa nane.

"Linapiga kigoda chako."

"Kiko?"

"Kiko. Na gurudumu limetengenezwa."

Hakusema atakuja. Alinishonea kifungo changu kilicholegea, mimi nikiwa nimesimama.

Alikuja Jumanne. Sikumwona akifika. Nilikuwa nampa mteja chenji, nikasikia cherehani, niliyokuwa nimeirudisha kwenye kona siku moja kabla. Gogo alimpa gwinya moja la moto lililofungwa kwenye gazeti, na hawakuongea, kwa sababu wangeongea wangelia, na Fundi alikuwa amekaa. Kitu kimoja tu hakikuwepo. Kreti. Wenye maduka ya soda siku hizi wanazihesabu, nilikuwa sijapata nyingine.

Kabla ya mchana Mwenyekiti alikuja na suruali mpya ndani ya mfuko, nyeusi, ndefu kupita miguu yake. Alikuwa mchangamfu. Kulikuwa na sherehe ya kila mwaka ya mfalme mwisho wa wiki, safari hii kuna mabasi ya bure na chakula, na yeye amepewa kusimamia orodha ya basi moja. Alimwangalia Fundi kama mtu anavyoangalia robot iliyokuwa imeharibika na sasa inawaka.

"Sho, mkhulu! Umerudi. Sharp. Nifupishie hii, nataka nionekane kwa mfalme."

Nilisubiri. Nilitaka amtemee mate. Nilitaka achukue mkasi mweusi aikate ile suruali katikati ya macho. Sikujali kona tena, niliyoishika mwaka mzima kwa meno. Huyu mtu hakuwa hata anajificha. Alikuwa amesahau. Kilichomtoa Fundi mjini, kwa Mwenyekiti kilikuwa mchana mmoja tu wa wiki, kama mechi.

Fundi alinyoosha utepe shingoni.

"Vaa," alisema.

Mwenyekiti aliivaa nyuma ya pazia la vilemba vyangu, akatoka akikanyaga pindo. Alitazama huku na huku chini, akitafuta cha kupanda.

"Kreti hakuna," Fundi alisema. "Utakunja weye. Pale unapenda ifike, weka pini."

Akampa pini. Mwenyekiti aliinama, tumbo likamzuia, akayumba.

"Hapana vile, itakuja kombo. Muguu moja mbele. Goti chini."

Aliisema kwa sauti anayotumia kwa kila mteja. Mwenyekiti akavuta suruali kidogo isichafuke, akaweka goti lake chini, kwenye saruji ile, mbele ya kigoda. Akakunja. Fundi akampa pini ya pili, na ya tatu.

"Ile ingine sasa."

Akabadilisha goti.

Sikuridhika. Mtu asiyejua amepiga goti hajapiga, na hakuna aliyepiga video. Lakini Gogo aliacha kugeuza magwinya. Aliliweka chini koleo lake, akafuta mikono kwenye aproni, na akiwa anamtazama Fundi peke yake, si mtu mwingine, alisema kwa sauti ya uwanjani:

"Bayede!"

"Bayede, Gogo!" Mwenyekiti aliitikia kwa furaha kule chini, bila kuinua kichwa. "Tutaonana kwenye basi!"

Fundi aliangalia kama pindo limenyooka. Alikuwa na pini mdomoni.